Wagonjwa wa Ng'ambo ya Mfereji

Mafuriko ya masika yaliyopita yalipoingia Usangu, Bujiku alikuwa majini mpaka kiunoni akiwatoa ndama zizini. Bati lililokuwa likisukumwa na maji lilimchana mguu chini ya goti. Aliufunga kwa kipande cha khanga, akaendelea na kazi. Ndama wengi walipona. Mguu ulivimba, halafu ukaanza kunuka.

Mkewe, Mbuke, alisikia kwamba madaktari wa kujitolea wametoka Iringa na Mbeya, wamepiga kambi kwenye shule ya msingi upande wa Chimala, na wanatibu bure. Bujiku alikataa kwenda. Aliamini wanaotibu bure ni wanafunzi wanaojifunzia kwa watu, na kwamba wangemkata mguu. Mbuke hakubishana naye. Homa ilikuwa imeanza kumfanya mumewe aite majina ya ndugu waliokwisha kufa. Mbuke alifunga maksai kwenye mkokoteni, akamwambia apande.

Aliyempokea alikuwa daktari wa kike, Nasrin, mtoto wa wafanyabiashara wa Iringa mjini, ushungi wake umerukiwa na tope. Aliufungua mguu bila kukunja uso. Alimweleza wazi kwamba nyama iliyooza lazima itolewe, lakini mguu wenyewe utapona akikubali kubaki kambini. Bujiku alilazwa darasani, akachomwa sindano, akasafishwa kidonda kila asubuhi, mpaka siku aliyokanyaga chini bila kuuma meno.

Siku hiyo alimtuma Mbuke akalete mtamba. Nasrin alishukuru, akasema hawezi kumpokea. Kwa Bujiku, anayekataa ng'ombe wako amekukataa wewe. Nasrin aliuona uso wake ulivyobadilika, akavuta kiti, akakaa.

"Baba, huyu abaki azae kwako. Mimi nina shida nyingine. Ng'ambo ya mfereji kuna wagonjwa, na gari letu linazama. Mkokoteni wako unafika?"

"Unafika," alisema Bujiku.

Nasrin alimkataza kukanyaga maji, na Mbuke akaahidi kuongoza maksai yeye mwenyewe. Bujiku hakusema kwamba nyumba ya kwanza ng'ambo ile ni ya Kalinga, mkulima wa mpunga. Walikuwa hawasalimiani tangu ng'ombe wa Bujiku walipoingia shambani kwa Kalinga na kesi ikafika kwa mtendaji wa kata.

Walimkuta Kalinga mlangoni. Mkewe, Tusekile, alikuwa amelala ndani akipumua kwa shida.

"Umefuata nini?" Kalinga aliuliza.

"Mgonjwa. Daktari amenituma."

Kalinga aliutazama mguu wa Bujiku wenye bandeji, kisha akaingia, akatoka amembeba mkewe. Bujiku alimtandikia koti lake. Kwenye mfereji gurudumu lilikwama, Bujiku akateremsha mguu ili akasukume.

"Kaa hapo hapo," Kalinga alisema. "Mguu wako haujapona."

Akaingia kwenye tope, akasukuma peke yake mpaka mkokoteni ukatoka.

Tusekile alikuwa na nimonia. Alitibiwa, akapona. Bujiku aliendelea kuleta wagonjwa wa ng'ambo mpaka kambi ilipofungwa.

Siku ya kuagana mtendaji alihutubia kwa kirefu. Bujiku hakuwa mtu wa maneno. Alimsogelea Nasrin, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Wabeja, mwanangu."

Nasrin alimtazama Mbuke, ambaye alimwambia kwamba kwa Kisukuma ndiyo asante. Bujiku hakuuachia mkono ule upesi, na Kalinga, aliyekuwa nyuma yake, alisubiri zamu yake ya kuaga.