Panzi wa Kutumwa

Mwaka ule Bonaya alianza kunisalimu kwa heshima, nami papo hapo nikajua ana jambo. Mfugaji unayegombania naye ardhi hakuulizi habari za watoto bure. Alidai kwamba malka, njia ya ng'ombe wake kwenda mtoni, ilipita katikati ya shamba langu la Kulesa. Ijumaa wazee wangeamua. Nikishindwa, shamba langu lingekatwa vipande viwili. Mafuriko ya El Nino yalikuwa yamesomba miti ya mpaka, na Huka, marehemu mume wangu aliyelianzisha shamba mimi nikiwa kwetu kujifungua, hakuwepo kunitetea.

Lakini ushahidi nilikuwa nao. Katikati ya shamba palikuwa na ukanda ambao mahindi yalikataa kuota, na hapo tu ndipo walipokaa panzi fulani. Panzi huyo akiruka, unaona mabawa mekundu yenye utepe mweusi, na mlio wa kukwaruza. Akitua, humwoni tena, amekuwa udongo. Penye mahindi mazuri hakuna hata mmoja. Panzi gani hao wanaochagua? Ni wa kutumwa, na aliyewatuma namjua.

Ijumaa nikawaeleza wazee yote. Bonaya akacheka, nikazidi kumshuku. Mzee Gunga, mwenyekiti wao, hakucheka. Aliniuliza tu panzi hao wanaanzia wapi na wanaishia wapi.

"Nifuateni," nikasema.

Nikatangulia kwa hasira kutoka kichakani, mwisho wa shamba upande wa malisho. Kila hatua panzi waliruka mbele yangu, wakatua, wakaruka tena. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu. Sikukata kushoto wala kulia. Nikashuka ukingo mahali palipobonyea, mpaka maji ya Tana yakanigusa vidole.

Nilipogeuka, wazee walikuwa wamesimama nyuma yangu mstari mmoja, umenyooka kutoka majini kuelekea kichakani.

"Mama Jamal," Bonaya akasema taratibu, "ng'ombe ya babu yangu ndio ilipiga hii udongo. Hii panzi inataka mahali kavu, hakuna majani. Mimi sikuleta."

Aibu ilinishika hadi masikioni. Kumbe Huka alijua alicholima. Miaka kumi na minane tuliifungia njia ya watu ndani ya shamba letu, na hakunitamkia neno.

Mzee Gunga akaniuliza kama nina la kuongeza. Nilimkasirikia Huka kuliko Bonaya, lakini maiti hashtakiwi. Nikasema ng'ombe wapite.