Kura ya Mzee Kornelio

Siku ya kupiga kura Scola aliamka amechoka. Hakuwa na uchovu ule wa mtu kulala akaamka mzima. Wake ulishahamia mwilini, ukapanga chumba na kuleta vyombo vyake. Jana yake mvua ilinyesha tangu adhuhuri, lori la kiwanda likaishia ng'ambo ya mto kama kawaida yake, na yeye na wanawake wenzake wakavusha majani ya chai kwa mabega, tenga moja moja, juu ya magogo mawili ambayo serikali ya kijiji inayaita daraja. Giza likawakuta na mengine hayajavuka. Yakabaki bandani, yakashika joto, na asubuhi hii yalikuwa yamegeuka rangi ya udongo, hata mbuzi asingeyatazama mara mbili.

Ulikuwa uchaguzi mdogo wa diwani. Diwani aliyekuwapo alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu, baada ya kuahidi daraja kwa miaka yote aliyokaa kwenye kiti. Kwa mwezi mzima sasa wagombea walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba, na kiu ya chai waliyokuwa nayo haijawahi kuonekana Lupembe yote. Kwenye karatasi walikuwa kadhaa, lakini midomoni mwa watu walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa Nahumu, mfanyabiashara wa mbao mwenye duka Makambako. Wa pili alikuwa Jenifa, mkulima wa chai wa hapahapa, ambaye jana alikuwa nyuma ya Scola kwenye magogo na tenga lake begani, ananyeshewa kama wengine.

Scola alikuwa wa Jenifa. Sera zake hakuzijua, na za Nahumu vilevile hakuzijua. Alichotaka ni daraja, basi, na aliona mtu anayeteleza pale kila mvua ikinyesha hawezi kulisahau hata akitaka. Hiyo ndiyo siasa yake yote, na hakuona kwa nini mtu mzima aongeze nyingine.

Kikwazo kilikuwa baba yake.

Mzee Kornelio alikuwa kipofu. Presha ya macho ilimchukulia jicho la kwanza, ikapumzika kidogo, ikarudi kuchukua la pili. Tangu hapo hakuvuka mto. Alishinda jikoni karibu na moto, na jua likitoka alihamia barazani na blanketi lake. Na tangu kampeni zianze hakuwa na jina jingine ila Nahumu.

Kusema kweli, sababu alikuwa nayo. Wakati jicho la pili lilipokuwa bado linaona ukungu ukungu, na Nahumu hakuwa mgombea wa kitu chochote, alimkuta mzee kando ya barabara kuu anangoja usafiri wa kwenda hospitali. Akamketisha kiti cha mbele, akamfikisha mpaka Makambako, akamngojea mpaka daktari alipomaliza naye, akamnywesha chai na maandazi mawili, akamrudisha. Hakumdai hata asante. Daktari hakuweza kuokoa jicho, lakini hilo si kosa la Nahumu.

"Alinisubiri," mzee alikuwa akisema kila habari za uchaguzi zikitajwa. "Mtu na gari lake, na shughuli zake, anamsubiri mzee wa kijijini. Mtu akikusubiri, mwanangu, ujue amekuona."

"Alikusubiri siku moja, baba. Mimi mto unanisubirisha mwaka mzima."

"Basi wewe mpe wako. Mimi wangu ninaye."

Hapo mazungumzo yalikuwa yanaisha, na Scola alikuwa akiinuka kwenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Alimpenda baba yake. Pia, siku nyingine, alimchukia kidogo, hasa siku za mvua.

Sasa, sheria inamruhusu mtu asiyeona kuingia kupiga kura na msaidizi anayemwamini. Mzee alimtaka Scola, asingemtaka mwingine. Tangu siku alipoambiwa hivyo, Scola alikuwa na wazo ambalo hakulialika. Alilifukuza shambani, likamfuata kisimani. Alilifukuza kisimani, likamkuta kanisani Jumapili, mstari wa tatu kutoka mbele. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi kabisa: baba atasema Nahumu, mkono utaweka Jenifa, na duniani hakuna jicho litakaloona.

Walitoka nyumbani ukungu haujainuka. Mzee alivaa koti lake la kanisani na kofia ya sufu, akashika bega la binti yake kwa nyuma, wakaenda hivyo, mmoja mbele na mmoja nyuma. Kila alipojikwaa, vidole vyake vilibana, na kila vilipobana Scola aliuma meno.

"Bega hili lina nini?"

"Tenga, baba."

Mzee alilegeza vidole lakini hakuondoa mkono.

Kituo kilikuwa shuleni, ng'ambo ya mto. Walipofika kwenye magogo, maji yalikuwa juu na magogo yenyewe yamepakwa tope la jana. Scola aliyatazama, akamtazama baba yake, akajua hatavuka kwa miguu. Ikabidi amketishe. Mzee Kornelio, aliyekuwa mzee wa kanisa na mshika mfuko wa sadaka, alikaa juu ya gogo miguu huku na huku, akawa anajisogeza kwa makalio, na Scola mbele yake akirudi kinyumenyume amemshika mikono. Tope lilipanda mpaka kwenye koti. Katikati ya mto mzee alisimama, yaani aliacha kujisogeza, akasikiliza maji chini yake.

"Mnapita hapa na matenga?"

"Hapahapa."

"Na mvua ikinyesha?"

"Na mvua ikinyesha, baba. Sogea."

Alisogea. Upande wa pili Scola alimfuta koti kwa kanga yake, na mzee akabaki ameelekeza sikio mtoni. Scola alidhani ameona aibu, naye akaona aibu kwa niaba yake. Kisha wazo lake likarudi, safari hii limekuja na hoja: unaona? Huyu hajui. Huyu anachagua kwa ajili ya maandazi mawili ya Makambako. Akakata shauri palepale, na mara tu alipokata shauri alijisikia mchovu zaidi.

Foleni ilikuwa ndefu na baridi. Watu walimsalimu mzee, kamwene, kamwene, kila mmoja akishangaa kumwona, wakawapisha wasogee mbele. Mbele yao walibaki wawili, mama mmoja aitwaye Ema na Agustino fundi baiskeli, na hao hawakupisha kwa sababu walikuwa katikati ya mabishano.

"Jenifa simpi," Ema alikuwa akisema. "Msiba wa mama yangu mdogo alikuja, akalia vizuri, akala. Vyombo vilipotoka akaaga. Mtu ambaye hawezi kubaki kuosha sufuria, ataniletea nini huyo?"

"Alikuwa na mtoto mgonjwa," Scola alisema.

"Wote tulikuwa na watoto."

Agustino alicheka. "Mimi sijisumbui. Huwa nasikiliza nani atashinda, nampa huyo. Kura yangu haijawahi kupotea hata siku moja."

"Sasa nani atashinda?"

"Ndiyo nasikiliza."

Watu walicheka. Scola naye alicheka kwa sababu wenzake walicheka. Daraja lake lilikuwa limening'inia kwenye sufuria za msiba na masikio ya Agustino. Basi na yeye atachukua cha kwake anapoweza kukipata. Mzee Kornelio hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, mkono bado uko begani, kama anayesikiliza mahubiri.

Ndani, Scola alipiga yake kwanza, haraka. Kisha akamshika baba yake mkono. Msimamizi wa kituo, kijana mwenye koti la mvua ambaye hakuwa mtu wa huku, alimtazama Scola usoni.

"Wewe ndiye msaidizi wake? Unaweka anachosema yeye. Siyo unachotaka wewe. Na ukitoka humo, unafunga mdomo."

"Nimeelewa."

Mawakala wa vyama walimwangalia, wakaangalia pembeni. Kituturi cha kupigia kura kilikuwa boksi gumu lililokunjwa juu ya dawati la shule, kalamu imefungwa kwa uzi. Waliinama pamoja kama watu wanaotafuta sindano. Scola alifungua karatasi. Picha ya Nahumu ilikuwa juu, anatabasamu. Picha ya Jenifa ilikuwa chini yake, amekaza uso kama mtu aliyepigwa picha ya kitambulisho.

"Sema, baba," alinong'ona.

Mzee hakujibu. Alikuwa anapumua kwa nguvu, amechoka na njia. Scola alingoja kidogo, kidogo tu. Nyuma yao mtu alikohoa. Akajiambia kwamba ameshasema mwezi mzima, atasema nini tena, na mkono wake ukaenda wenyewe. Tiki ikaingia kwenye kisanduku cha Jenifa, nyeusi, safi, haikugusa mstari.

Basi. Ilikuwa imekwisha, na haikuwa na uzito wowote.

"Ngoja," mzee alisema. Mkono wake uliteremka kutoka begani, ukamshika kifundo cha mkono. "Umeshaweka?"

Scola alitazama ile tiki.

"Bado, baba."

"Vizuri. Usimweke Nahumu." Mzee alinong'ona kwa taabu, mdomo karibu na sikio lake. "Nahumu ni mtu mzuri, sitamsema vibaya mpaka nife. Lakini yeye alinibeba siku moja, na kwa gari. Nimeshika bega lako tangu nyumbani. Lina sugu kama kwato, mwanangu. Nilikuwa sijui. Unaniletea uji kila siku, nami nilikuwa sijui. Weka huyo wako."

Scola aliifunika ile tiki kwa kiganja.

"Weka, watu wanangoja."

Kalamu ilikuwa bado mkononi. Kwenye karatasi hapakuwa na kitu cha kuweka. Mahali pa baba palikuwa pameshajazwa. Angeweza kumwambia. Palikuwa na nafasi ya maneno mawili matatu, na angesamehewa, alijua angesamehewa. Lakini mzee alikuwa ametega sikio, uso umeelekea boksi, anangojea kuisikia kura yake inapigwa. Scola akaiinua kalamu, akaikwaruza ubavuni mwa kituturi, mara moja kwenda chini, mara moja kwenda juu.

"Nimesikia," mzee alisema, akatabasamu. "Haikutoka nje ya kisanduku?"

"Haikutoka, baba."

Aliikunja karatasi, akampa. Mzee Kornelio alikataa kusaidiwa sandukuni. Alipapasa mfuniko kwa vidole, akaupata mwanya, akaitumbukiza mwenyewe, na yule kijana mwenye koti la mvua akasema hongera mzee. Wakampaka wino kidoleni. Alitoka nje akiwa amekiinua kile kidole kama aliyepandishwa cheo.

"Mzee, umempa nani?" Ema alimtania mlangoni.

"Kura ni siri," mzee alisema. "Ila nimempa mwanangu zawadi, hilo nalisema."

Watu walisema vizuri, vizuri. Agustino alimkazia Scola macho, maana alikuwa bado anasikiliza nani atashinda. Scola aliinamisha kichwa, akamvuta baba yake taratibu kuelekea njiani. Ukungu ulikuwa umeinuka, na mashamba ya chai upande wa pili yalionekana yote, yanangoja kuchumwa. Kesho lori litarudi kwenye tope lilelile, yeyote atakayeshinda.

Mtoni walisimama. Scola alikuwa amepanga kumwambia pale, kabla ya magogo. Alikuwa ameyapanga maneno tangu shuleni na ameyapata karibu yote.

"Unajua," mzee alianza kabla yake, "tangu macho yaondoke mimi ni mtu wa kupewa tu. Napewa uji, napewa maji ya kuoga, napewa mkono wa kwenda chooni. Nilishasahau kutoa kunakuwaje." Alikohoa, akapangusa pua kwa nyuma ya mkono wenye wino. "Leo nimetoa."

Kisha akageuza uso upande ambao alidhani Scola yuko. Alikosea kidogo, alikuwa anaangalia mto. Alikuwa anangoja. Scola alijua anangoja nini, na yale maneno aliyoyapanga yakampotea yote.

"Asante, baba," alisema.

"Haya," mzee alisema, ameridhika, akaanza kukaa chini mwenyewe bila kuambiwa, akipapasa kutafuta gogo. "Nivushe."