Nusu Doti

Mimi ni fundi cherehani. Bibi alinifundisha kuhesabu nguo: korija ni ishirini, doti ni vipande viwili vya kanga, na hakuna duka linalouza nusu doti. Lakini mume wangu aliponiletea kipande kimoja, akasema, "Ndicho kilichobaki, mke wangu," nikamwamini, mjinga mimi. Nikakiweka kabatini bila kukipinda.

Leo mdogo wangu kaniletea kanga yake nimpindie. "Nimepewa zawadi, dada," akasema huku anaangalia mlango.

Maua yaleyale. Nikatoa changu, nikaviweka ukingo kwa ukingo. Pale mkasi ulipokwenda upande kwenye changu, ndipo ulipokwenda upande kwenye chake.

Nikavishona pamoja, nikamrushia.

"Haya, doti yako imetimia. Na aliyeikata, mchukue pia."