Shavu la Kupimia Nguo

Shavu langu halijawahi kusema uongo. Mdomo, sitaki kuuapia; mdomo huu umeshamzika babu yuleyule mara kadhaa ili niukwepe mtihani wa hesabu. Lakini shavu, hasa hili la kushoto, muulize mtu yeyote pale chamani.

Chama chenyewe ni chumba kimoja nyuma ya duka la dawa. Kinahudumia watoto wenye ugonjwa wa ngozi ambao jina lake ni refu mpaka madaktari hulisoma huku wakivuta pumzi katikati. Wagonjwa ni wachache mno, kwa hiyo hakuna kiwanda kinachohangaika kuwashonea. Ngozi yao hubanduka kwa kusuguliwa kidogo tu, kama ganda la nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Lebo ya shati kwao ni msumeno. Basi sisi wa kujitolea tunapokea nguo za msaada, tunakata lebo, tunafumua mishono na kuishona upya ikiangalia nje. Kabla nguo haijatoka, inapitishwa shavuni. Kiganja hakifai, kimeshazoea shida. Ndiyo maana kila Jumamosi nazinyoa ndevu nilizozisubiri tangu kidato cha pili.

Watu hutoa kwa moyo mweupe, ila macho huyaacha nyumbani. Tumeletewa suruali ngumu kama ubao. Tumeletewa gauni la harusi lenye vimetameta. Kuna bwana alileta koti la sufu linalowasha hata likiwa limetundikwa.

"Hili ampelekee mama mkwe wake," nilimwambia Mama Fundi, na akacheka mpaka pini zikamdondoka.

Mama Fundi ndiye mkuu wa chumba. Shavu lake limeingia ganzi kwa uzee, kwa hiyo neno langu kuhusu nguo ni la mwisho. Mimi ananiita Shavu.

Nilianza kwenda pale kwa ajili ya mdogo wangu wa mwisho. Nilimpachika jina la Yai, kwa jinsi tulivyombeba. Naye akanijibu kwamba basi mimi ni kuku, kelele nyingi na kutaga hakuna. Yai alitutoka kabla ya mvua. Mimi niliendelea kwenda na kuchekesha watu. Mama hakuwa akicheka. Jumamosi ile asubuhi alinikabidhi mfuko, akasema, "Mpe Fundi. Nimeshamwambia. Kuna mtoto kitamfaa," kisha akaingia chumbani na kufunga mlango.

Nilipofika, mtoto mwenyewe alikuwa ameshakaa kwenye benchi pamoja na baba yake. Binti mdogo, vidole vimefungwa bandeji, amevaa shati la baba yake limegeuzwa ndani nje, kola imekatwa. Mikono ameiweka mbali na mbavu, kama mtu anayekausha rangi. Kwapa zilikuwa zimechubuka.

"Wanasafiri leo," Mama Fundi aliniambia. "Basi la mchana, na njia ni ndefu. Akikaa na shati hilo atafika hana kwapa. Cha kimo chake ni hicho tu alichotoa mama yako." Akashusha sauti. "Kama kinakuwia kizito, mwanangu, leo nitajaribu mwenyewe."

"Mama Fundi, shavu lako halijui tofauti ya pamba na mkeka. Niachie."

Nikafungua mfuko. Gauni la njano. Mama alilishona kutokana na shuka letu la zamani, lililofuliwa miaka mpaka likawa laini kama utando wa maziwa. Ndilo Yai aliloomba kila siku mwishoni, tukawa tunalifua na kulianika usiku.

Nikalipeleka shavuni. Bado lilikuwa na harufu ya mafuta yake ya dawa.

"Vipi?" Mama Fundi aliuliza, mgongo umenigeukia, anatunga uzi.

"Linakwaruza."

"Lile shuka?"

"Kwapani. Limekaa sandukuni sana, mshono umekakamaa. Halifai."

Hakuuliza tena. Alilichukua akalitupa kwenye kapu la matambara. Akahangaika na rafu, akatoa gauni jipya la msaada lililomzidi kimo, kitambaa kizito, mishono imegeuzwa lakini mwili wake wenyewe mkavu. Nililipima. Nikasema litafaa kwa safari. Baba mtu akanishukuru, akaniita mwanangu.

Wakaenda kumvisha nyuma ya pazia, ambalo halifungi vizuri. Mimi nikainama kwenye kapu kama ninayetafuta kitambaa cha kufutia meza, na gauni la njano likaingia kwenye begi langu.

Nyuma ya pazia hapakuwa na kilio. Nilisikia tu pumzi ikivutwa kati ya meno. Nyumbani tulikuwa tunaijua sauti ile. Mama akiisikia alikuwa anaacha chochote alichoshika.

"Vumilia, mama," baba yake alisema. "Tutafika."

Alipotoka, kwapani palikuwa na alama ya maji, ndogo, inatanuka. Mama Fundi aliiona, akaanza kupekua rafu upya, ingawa sote tulijua hakuna kitu.

Binti akanitazama mimi. "Kaka."

"Naam, bosi. Umependeza. Ukifika huko watadhani mkuu wa wilaya amekuja."

Hakucheka.

"Lile la njano lilikuumiza?"

"Sana," nilisema. "Lingekutoa damu."

"Sasa mbona ulililalia?" Akainamisha kichwa begani, taratibu, akafumba macho, akanionyesha. "Ulikaa hivi. Mpaka ukatabasamu. Kisha ukalitia kwenye begi."

Mama Fundi aliacha kupekua rafu. Baba mtu alimwangalia mwanawe, akaniangalia mimi, akaangalia begi. Nilitafuta kitu cha kuchekesha. Huwa hakikosekani.

"Shavu," Mama Fundi alisema, na mkono wake ulikuwa umeshanyooshwa. "Fungua."