Kiapo cha Mlangoni

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa Februari, mwaka 2010. Siku hiyo niliitwa mjini kula kiapo cha uraia wa Rumania, na siku hiyohiyo mke wangu Axenia alikuwa anatimiza mwaka mmoja tangu afariki huko Italia, nchi ambayo mimi sijaikanyaga.

Axenia alikuwa akitunza wazee wa watu. Hapa kwetu Moldova wanawake wamehama vijiji vizima kwenda kuwaogesha wazee wasio wao, na wakubwa wetu wanajisifu kwenye televisheni kwamba uchumi unapanda. Alipofariki niliomba viza nikamzike. Wakataka mwaliko. Mwaliko wa nani? Wa kunialika ndiye alikuwa ndani ya jeneza. Wakamzika wenzake wa kazini, katika ardhi ya manispaa, na huko mgeni halali milele. Miaka ikipita wanamfukua ampishe mwingine. Nimesema hatafukuliwa na mtu asiyemjua. Nitamfukua mimi, nimlete kilimani kwetu, alale na mama yake.

Ndiyo maana nautaka uraia ule, wala si kwa mapenzi ya bendera. Rumania na Italia zote zimo Umoja wa Ulaya, na mwenye pasi ile ya kusafiria habishi hodi kwenye dirisha la viza. Anapanda basi, anashuka anakotaka, anafanya kazi mchana kweupe, akiugua anaingia hospitali bila kujificha. Axenia angekuwa nayo, kifua kilipoanza kumbana asingeogopa kwenda kwa daktari.

Njia za kuupata uraia wa pili zipo, inategemea wewe ni nani. Mbunge wetu, wanasema, kajinunulia wa kisiwa ambacho hata kwenye ramani hawezi kukuonyesha. Binti wa jirani kaupata kwa ndoa. Sisi wengine tuna mababu tu: aliyekuwa na babu raia wa Rumania anaruhusiwa kuudai. Babu yangu Profir alizaliwa chini ya mfalme wa Warusi, akaoa chini ya mfalme wa Rumania, akafa chini ya Wasovieti, na nyumba yake haikusogea hata unyayo. Hakuna aliyemuuliza walipompa uraia, wala walipomvua. Lakini mjukuu akiudai, anasumbuliwa miaka minne; mimi nilianza kuudai Axenia akiwa hai.

"Vichentie, mke hayupo tena," jirani yangu Haralampie aliniambia. "Pasi ya nini sasa? Unakwenda kutalii?"

"Namfuata."

"Maiti hafuatwi, ndugu yangu."

"Basi mimi nitakuwa wa kwanza."

Tarehe ya kiapo ilipotoka, nikaona mtihani. Kwetu mwaka ukitimia, sadaka ya marehemu hutolewa kabla ya adhuhuri, mkononi mwa mtu aliye hai: mkate wa kusuka, kikombe, mshumaa, vyote vimefungwa kwa taulo. Anayepokea husema, "Mungu amsamehe," na hapo marehemu kala. Anayekataa amemfukuza marehemu mezani. Kuacha kiapo siwezi, kuacha sadaka siwezi. Nikafunga vifurushi vitatu na chupa ndogo ya divai ya kutia kikombeni, nikapanda navyo basi.

Kwenye foleni ya ubalozi wa Rumania kijana mwenye koti la ngozi akanicheka. "Mzee, umekuja kuapa au kuposa?"

"Kuposa nilishaposa. Shika, ni ya mke wangu. Leo mwaka."

Akavua kofia pale pale. "Mungu amsamehe, baba." Cha pili akapokea mama mmoja mnene aliyekuwa nyuma yangu, akakibusu kabla ya kukitia kikapuni.

Kilibaki kimoja, nilichokifunga kwa taulo la maua mekundu. Hicho nilitaka kimfikie mwanamke wa rika lake. Mlangoni pa ukumbi palikuwa na karani akiita majina, Bibi Otilia, nywele zimeanza mvi kama za Axenia. Nikamnyooshea pamoja na ile chupa.

"Wewe mzee, ondoa hicho!" Akaruka nyuma utadhani nimemshikia nyoka. "Kuna kamera hapa!"

"Sadaka, mama. Ya marehemu."

"Na divai nayo ya marehemu? Kila siku mnaleta jina jipya la hongo!"

Akatoka mkubwa wake, kijana wa tai nyembamba. Nikamweleza. Akasikiliza huku akitazama saa.

"Mzee, tumalize kwa heri. Kiri tu kwamba ulijaribu kumpa zawadi mtumishi, omba radhi, uingie na wenzako."

"Nikiri nini? Kwamba mke wangu ni hongo?"

"Neno moja tu, baba. Samahani. Limekushinda?"

"Limenishinda. Liombeni nyie wenye mihuri, nyote ni wamoja. Mlimwacha akafie ugenini, mkaninyima kumzika, leo mnamfukuza hata kwenye mkate wake."

"Basi leo huapi." Akamgeukia mlinzi. "Mtoe nje."

Mlinzi alikuwa mtu mzima kama mimi, mabega kama mlango. Akanijia. Akaangalia kile kifurushi, akaangalia nyuma. Mkubwa alikuwa ameshaingia ukumbini.

"Nipe mimi," akasema kwa sauti ya chini. "Alikuwa anaitwa nani?"

"Axenia."

"Mungu amsamehe Axenia." Akakitia chini ya koti. Baada ya hapo mkono wake haukunigusa. Akasimama kando, na mlango akauacha wazi.

Ndani wakaanza. Mkubwa anasoma kipande, watu wanaitikia. Kile kiapo nilikuwa nimekimeza chote nikiwalisha kuku. Nikavua kofia, nikanyoosha mgongo, nikaitikia pale kizingitini kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde. Vichwa vikageuka. Mkubwa akakatiza kidogo, akaendelea, nami nikaendelea, mpaka neno la mwisho. Yule kijana wa koti la ngozi akapiga makofi, wengine wakamfuata.

Waligawiwa hati zao wote. Mimi nikapita hadi kwa Bibi Otilia, nikanyoosha mkono.

"Wewe nenda nyumbani," akasema bila kuniangalia. "Utaitwa."

"Nimeshaapa, mama. Umenisikia kwa masikio yako."

"Hukuwa ndani."

"Kwani kiapo kinaliwa kwa mdomo au kwa miguu?"

Akafungua droo, akaifunga. Hakuwa akitafuta kitu.

Kilimani nimeshachimba shimo la Axenia, na kila theluji ikilijaza nalifukua upya. Kila mwezi napanda basi, nasimama mbele ya dirisha lao, nawauliza swali lilelile, nao wanatazamana: ukumbi mzima ulinisikia nikiapa, je, mimi ni raia, au si raia?