Profaili ya Mpishi wa Meli

Jina la Antena halikuanza na mitambo. Alipewa tangu utotoni, kwa sababu habari yoyote ya mtaa ilikuwa lazima ipite kwake kabla ya kufika inakokwenda, na ikitoka kwake huwa imenenepa kidogo. Ukubwani alipoanza kazi ya kurusha sherehe laivu mtandaoni, watu walisema hajabadilisha kazi, kanunua vifaa tu.

Siku ya harusi ya binti wa kaka yake alikuwa amejichimbia kwenye kijichumba cha nyuma ya jukwaa, katikati ya viti vilivyorundikwa hadi dari na keki iliyofunikwa shuka. Kompyuta aliipandisha juu ya spika mbovu, feni yake ikikoroma kama mtu mwenye mafua. Huko ukumbini watu walishaanza kuviziana viti vya mbele.

Kazi yake ukitaka kuielewa, ni kama ya fundi cherehani mwenye kitambaa kimoja na wateja wa kila umbo. Kamera inaleta picha moja, nzito. Kompyuta inaibana na kuikata saizi mbalimbali, kila saizi na sauti yake, na kila saizi inaitwa profaili. Simu ya mtazamaji inajichagulia inayoitosha: mwenye mtandao mnene anavaa kubwa, mwenye mtandao wa kusuasua anavaa ndogo. Antena alizipa majina ya kiukoo. Nzito kuliko zote ilikuwa Mjomba Tumbo. Ya katikati, Dada Wastani. Nyembamba kabisa, Binamu Mkonde.

Leo kwenye kompyuta alikuwemo Mjomba Tumbo peke yake, na hapo pana umbea wake.

Siku ya kuvishana pete, dada zake mama wa bwana harusi, wanaoishi mbali, walitazama kwa simu. Mtandao wao ulipoyumba, simu zikawashushia Binamu Mkonde. Wakaona ukungu. Wakaupiga picha ule ukungu na kuutupa kwenye kundi la familia na maneno haya: "Upande wa bibi harusi wanaona nyuso, sisi tunaona uji." Antena alijieleza mpaka koo likamkauka kwamba simu zao ndizo zilizochagua, lakini nani amsikilize. Basi akaapa kwamba kwenye harusi yenyewe hakuna mkubwa wala mdogo, wote watakula sahani moja. Akawafuta Dada Wastani na Binamu Mkonde, akalala usingizi mtamu akijua ameua ugomvi.

Sasa simu yake ikaita. Alikuwa kaka yake, baba wa bibi harusi, mpishi kwenye meli ya mizigo. Alitakiwa awe ameshashuka, lakini mpishi wa kumpokea aliugua, meli ikaondoka naye. Nahodha alimwonea huruma, akamwazima simu ya meli, ile ya setelaiti isiyogusa intaneti ya mabaharia.

"Haya kaka, fungua kiungo nilichokutumia. Unaona nini?"

"Naona duara linazunguka."

"Na sasa?"

"Bado linazunguka. Linazunguka vizuri tu, sina lawama. Fundi wa injini anasema amelipenda."

Nyuma yake Antena alisikia wanaume wakicheka na sufuria zikigongana. Yeye hakucheka. Intaneti ya ile meli ni uzi, na uzi wenyewe wanagawana meli nzima. Mjomba Tumbo hapiti pale hata akivuta pumzi.

Mlango ukafunguliwa, akaingia bibi harusi mwenyewe, gauni kalikusanya mikononi kama mtu anayevuka dimbwi.

"Shangazi, baba anaona?"

"Anakaribia kuona."

"Shangazi, mimi nakujua. Ukidanganya unashika sikio."

Antena akaushusha mkono wake kutoka sikioni.

"Nisikilize," binti akasema, taratibu. "Baba aliniambia atasikia nikisema nimekubali. Hajahudhuria hata mahafali yangu moja, kila siku yuko majini. Leo mimi sisemi neno mpaka nijue ananisikia. Bwana harusi nimeshamwambia. Kasema atasubiri, ana karanga mfukoni."

Akatoka na gauni lake. Antena akabaki anaitazama kompyuta, na ukweli ukamkaa kifuani: mtu mmoja aliyemhitaji Binamu Mkonde kuliko wote duniani ni ndugu yake wa tumbo moja, na yeye ndiye aliyemfungia mlango, kwa kuogopa maneno ya wakwe.

Kurudisha profaili si kazi ngumu. Shida ni kwamba kompyuta ile haipokei mpya ikiwa hewani. Ni lazima akate matangazo, aunde, aanze upya, na wote wanaotazama waone giza. Na wa kwanza kuliona watakuwa wale wale wa uji.

Kabla hajaamua, mlango ukafunguliwa tena. Mama wa bwana harusi, kilemba kama taji.

"Dada, mbona hatuanzi? Watu wanasema bibi harusi amegoma."

Antena angeweza kumpiga porojo, na porojo anazijua. Safari hii akasema kama ilivyo: kwamba aliondoa saizi ndogo ili wale wa uji wasije wakalalamika tena, kwamba baba wa binti yuko melini na haoni kitu, kwamba sasa anataka kukata matangazo na anaogopa kundi la familia kuliko anavyoogopa radi.

Mama wa bwana harusi akavuta kiti.

"Kwa hiyo ule uji wa siku ile ulikuwa mtandao wao?"

"Mtandao wao wenyewe."

"Na yule mdogo wangu aliyepiga kelele kuliko wote anaiba intaneti ya jirani." Akachomoa simu kutoka kwenye mkoba. "Mimi nililalamika ukungu, dada. Sikusema mkwe wangu afungiwe nje. Kata. Hawa niachie mimi."

Akaanza kutuma sauti kwenye kundi, na sauti yenyewe haikuwa na mchezo: "Kutakuwa giza kidogo. Atakayelalamika nitasimulia ya ile intaneti." Kundi likanyamaza kama limezimwa.

Antena akakata. Akaunda Binamu Mkonde upya, akarudi hewani, akapiga simu melini.

"Duara limeondoka," kaka yake akasema. "Naona pua ya mtu. Imeganda. Sauti inakuja vipande vipande, kama kuku anayekunywa maji."

Bado mnene, basi. Antena akakata matangazo tena, akaanza kumpunguza. Picha akaifanya ndogo kama kipande cha sabuni. Fremu, zile picha zinazofuatana kila sekunde, akazipunguza, hata kama watu wataonekana wanaruka badala ya kutembea. Ndipo akaona kosa alilolisahau: sauti aliiacha ile ya muziki, njia mbili, kushoto na kulia, nzito kiasi cha kuuzamisha uzi peke yake. Akaifanya ya njia moja, saizi ya mtu anayeongea. Kisha akaipa sauti nafasi yake kwanza, picha ijibanze kwenye kilichobaki. Hakutaka kuiita tena Binamu. Akaandika: Mpishi.

Na kwa kuwa alishakata, akamrudisha na Dada Wastani. Akarudi hewani, feni ya kompyuta ikapiga kelele mpaka shuka la keki likapepea.

"Kaka?"

"Nahodha kaamuru wote wazime simu zao. Tumeining'iniza yangu kwenye ndoano ya upawa. Subiri." Sufuria zikagongana. "Namwona mtu mweupe ana kichwa cha tofali."

"Ndiye huyo."

"Najua ndiye. Anainamisha shingo kama mama yake. Na sauti naisikia safi, Antena. Kuna mtu anatafuna karanga karibu na maikrofoni."

Antena akatoka mbio, simu mkononi, mpaka pembeni ya jukwaa, akamwonyesha binti dole gumba. Mikono yake yote ilikuwa mbali na masikio.

Binti akasimama mbele ya mfungishaji ndoa. Alipoulizwa, hakumtazama mfungishaji wala bwana harusi. Aliitazama kamera, akasema, "Nimekubali," kwa sauti ya kumwita mtu aliye chumba cha pili.

Ukumbi ukapiga vigelegele. Mshereheshaji akainua maikrofoni aendelee, lakini bibi harusi akamwekea mkono. Laivu huwa haifiki papo hapo. Neno lake lilikuwa bado liko njiani. Antena akaisogeza simu kwenye maikrofoni. Watu wakanyamaza, hata watoto. Mama wa bibi harusi, wifi yake Antena, alikuwa ameuma kitambaa cha mkononi.

Wakasikia upepo. Wakasikia injini. Kisha sufuria, zote za meli, zikapigwa kwa miiko na vifuniko na wanaume wasiojua kabisa kupokezana, na katikati ya ile fujo baba mtu mzima akilia na kusema, "Nimesikia, mama. Nimesikia."

Ukumbi ukalipuka mara ya pili, kwa kishindo kikubwa kuliko cha kwanza.

Keki ilipokuwa inakatwa, mama wa bwana harusi akarudi tena kwenye kijichumba, sahani mkononi, uso wa mtu aliyetumwa.

"Dada, samahani. Wadogo zangu wanauliza, hii ya Mpishi wanaipataje? Wanasema ile nyingine inakula bando."

"Simu inachagua yenyewe."

"Nimewaambia. Wanasema wao wanataka ya kuchaguliwa na wewe."

Antena akashusha pumzi, akafungua kompyuta, na kabla ya kugusa kitu akamega keki.

"Kaa hapa," akasema. "Nieleze kwanza hii habari ya intaneti ya jirani."