Koili Isiyochovywa Nta

Asubuhi ile fundi magita alikuwa amefikisha mzunguko wa elfu nne na mia mbili alipoingiwa na shaka na waya. Ulikuwa mwembamba kama unywele, kama waya wote anaosokotea koili ya pikapu, kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi za gita kukamata sauti. Lakini uling'aa mno. Aliutoa kwenye swichi ya kuamshia jenereta umeme ukikatika, iliyotupwa na hospitali ya ng'ambo ya barabara. Waya uliowahi kufanya kazi hufifia rangi. Huu haukuwahi.

Mkewe alifia hospitalini humo, kwenye meza ya upasuaji, siku umeme ulipokatika mchana. Ripoti ilisema jenereta iliwaka papo hapo. Fundi aliishia darasa la nne, ripoti alisomewa. Shaba aliisoma mwenyewe.

Akaendelea kusokota, akichora mstari wa chaki ukutani kila mia, maana siku hizi hakuamini hata ulimi wake.

Alipoifunga pikapu kwenye gita la mpiga solo, mteja aliyekuwa akiisubiri, na kugusa uzi wa kwanza, spika ikasema kwa sauti ya mkurugenzi wa hospitali: "Andikeni iliwaka." Uzi wa pili ukatoa sauti ya marehemu: "Mbona giza? Mume wangu yuko hapo nje?"

Alikuwepo. Alikuwa kwenye benchi la korido, kofia magotini.

"Shemeji anasikika safi," alisema mpiga solo. "Ila fundi, hii hujaichovya nta, ndiyo maana inadaka maneno. Jumamosi nina harusi, nitawapigia watu msiba?"

"Utapata nyingine. Hii ina mwenyewe."

Akabeba gita na spika hadi kwa mkurugenzi. Mkurugenzi aligusa uzi wa kwanza mara mbili, akamwita karani wake naye asikie.

"Ni wewe, bosi," alisema karani.

"Mimi kabisa. Siku ile nilikuwa na mafua."

"Basi andika," fundi akasema.

"Niandike wapi, mzee wangu? Faili lilishafungwa, na fomu haina sehemu ya gita. Pole sana na msiba." Akamsindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote. "Na uzi wa tatu umelegea, ukaze."

Ulikuwa umelegea kweli. Hilo lilimuuma fundi kuliko yote.

Mpiga solo alisokotewa pikapu nyingine, ikachovywa nta, ikanyamaza. Ile ya kwanza ilibaki kwa fundi, kwenye gita lake kuukuu. Kila mchana hugusa uzi wa pili tu, akajibu, "Niko hapa, mama," kisha akarudi kazini.

Juzi aligusa, spika ikasema, "Mbona gi—" na umeme ukakatika mtaa mzima. Fundi akatega sikio asikie jenereta ng'ambo ya barabara. Kimya.

Akachukua chaki, akasogea ukutani, akaanza kuhesabu sekunde.